Mungu wa Kike wa Radi Aingia Bafuni

Majirani walimwita Mama Povu, na jikoni kwake miungu wa kike walizaliwa kila Jumamosi. Aliyeyusha mafuta ya nazi, akatia kostiki ya kugandisha sabuni na mchaichai, akamimina kwenye kalibu alizochonga mwenyewe. Sabuni ya mungu wa mwezi aliipa mashavu ya duara, ya mungu wa mavuno kidevu cha kushiba. Uso wa mungu wa radi ulimshinda, mpaka alipomkuta mama mkwe wake amesinzia kwenye kochi, amekunja ndita. Akachonga kimyakimya.

Sabuni ilipokauka, mumewe alitoka nayo bafuni, mwili mkavu, taulo kiunoni.

"Mke wangu, hii siwezi. Huyu ni mama. Nitajipakaje mama kwapani?"

"Hebu nileteeni," ilisema sauti kutoka kwenye kochi.

Mama mkwe aliitazama sabuni mbele na ubavuni, akapapasa pua yake mwenyewe, kisha akaingia nayo bafuni. Maji yalimwagika weee. Mama Povu akabaki roho mkononi, na mumewe akajifanya anatafuta soksi.

Mama mkwe alitoka ananukia mchaichai, akaiweka sabuni mezani. Pua ilikuwa imebaki nusu.

"Pua ulinizidishia, mwanangu. Nimeisugua mpaka ikakaa sawa. Kalibu mpya uifuatishe hii, na unitie hereni."

Siku hizi sabuni ya radi inauzika kuliko zote. Nyumbani mle ni mtu mmoja tu anayeogea sabuni ya kufulia.