Robine Iliyokataa Kufunga

Nilikuwa na mimba ya miezi saba, na miguu yangu ilikuwa imevimba tangu mvua zilipoanza. Mume wangu alikuwa karani wa agronome, bwana shamba, mmoja wa Kibelgiji. Kwa kazi hiyo tulipata nyumba ya matofali huko Bagira, juu ya mlima, yenye vyumba vitatu na duche ya kuogea ndani. Jamaa zetu wengi walikuwa hawajaona maji yakitoka ukutani. Mama yangu alipotutembelea mara ya kwanza, alisimama chini ya ile duche na nguo zake zote, akaniomba nifungue kidogo tu aone. Nilipofungua alilowa kuanzia kichwani. Alijifuta uso, akaniuliza kama kuna mahali pa kukaa.

Duche ilikuwa na robine moja ya shaba, koki ya kufungulia maji, na maji yake yalikuwa baridi ya kukata pumzi. Kwanza ilidondosha tone moja moja. Mume wangu aliifunga kwa nguvu zaidi, ikatulia siku mbili, ikarudia. Tukaizoea, kama mtu anavyozoea jino bovu.

Wakati huo mume wangu alikuwa ameomba karte. Siku zile, mtu mweusi aliyesoma aliweza kuomba serikali imtambue kuwa ameendelea, na akikubaliwa alipewa karte yenye picha yake. Lakini kabla ya kukubaliwa, wazungu walikuja nyumbani kwake kuangalia anaishi vipi. Waliangalia kama familia inakula mezani, kama kuna uma, watoto wanalala wapi, mke anajua kupiga pasi au hajui, na mahali pa kuoga pako namna gani. Tuliambiwa watakuja Alhamisi saa nne asubuhi. Juma zima kabla ya hapo nilikuwa nimefua mapazia, nimepaka sakafu nta nyekundu, nimepiga magoti chini kusugua kila pembe, na usiku mgongo ulikataa kulala.

Jumatatu asubuhi mume wangu alioga, akavaa, akapanda camion ya kazi kwenda Kavumu kuandika mashamba ya kahawa. Angerudi Jumatano jioni. Nilipoingia kuoga nyuma yake nilikuta maji yanamwagika. Nikaizungusha robine mpaka mwisho, nikaikaza mpaka kiganja kikauma. Maji yaliendelea vilevile. Tundu la kutolea maji lilikuwa dogo na lilimeza polepole, kwa hiyo baada ya muda maji yalipanda kizingiti, yakaingia kwenye kolido ya kati ya vyumba, juu ya ile nta yangu.

Kufunga maji kuliwezekana, ila robine kubwa ilikuwa ndani ya shimo kando ya barabara, na ililisha nyumba nne. Nikiifunga kwangu, nimefunga kwa wote. Nilifunga. Haikupita nusu saa, jirani wa nyumba ya mwisho akafika na sufuria mkononi.

"Maman, ni weye ulifunga maji? Miye niko na maharagi kwenye moto."

Nikamwonyesha kolido. Akatikisa kichwa, akanihurumia, kisha akaenda kufungua. Siku hiyo yote nilifanya kazi ya kuchota maji kwa bakuli, kuyamwaga nje, kukamua matambara, kurudi. Watoto wangu wawili walidhani ni mchezo. Alasiri niliteremka ofisi ya mtaa. Karani wa pale aliandika jina langu kwenye kitabu, akasema fundi atafika juma lijalo, labda lile lingine. Nilimweleza habari za Alhamisi. Akanijibu kwa upole kwamba kila mtu ana Alhamisi yake.

Jumanne nilikuwa bado nakamua matambara uani, niliposikia kikohozi upande wa pili wa ua. Alikuwa muzee wa nyumba ya jirani, Mwislamu wa Uvira, aliyeishi kwa binti yake. Miaka mingi alikuwa amefanya kazi kwenye mashine za meli ya Tanganyika, chini kabisa, kwenye moto na mafuta. Sasa mikono yake ilitetemeka, hata kikombe cha chai alikishika kwa miwili.

"Mwanangu," alisema, "tangu jana nasikia maji kwako. Hayo si maji ya kuoga."

"Ni robine, Papa. Inakataa kufunga."

"Ukiikaza inafika mwisho, au inazunguka tu?"

"Inafika mwisho."

"Basi haijafa. Kuna ngozi ndani, ile inayoziba maji, imeoza. Ningekuja kuifanya, lakini tazama." Akanyoosha mikono juu ya ua nikaiona inavyocheza. "Na mumeo hayupo. Siwezi kuingia chumba chako cha kuoga. Utaifanya wewe, mimi nitakaa nje ya dirisha nikuambie."

Nilimwambia siwezi. Sijawahi kushika kitu cha fundi. Akauliza kama naweza kuendelea kukamua matambara mpaka fundi aje. Nikaliweka tambara chini. Alikwenda kwao, akarudi na kle yake ya zamani, chuma cha kufungulia nati, iliyofungwa kwenye kitambaa, akanipitishia juu ya ua. Ilikuwa nzito kama mtoto mchanga.

Nilizunguka nyumba tatu kuwaomba wanawake wachote maji ya kutosha kwanza. Walichota, wengine wakinung'unika. Kisha nikaenda kufunga kule shimoni, nikarudi, nikaingia kwenye duche. Chumba kilikuwa chembamba, na tumbo langu liligusa ukuta kila nilipogeuka. Juu kulikuwa na kidirisha cha hewa kisicho na kioo. Nilisikia kigoda kikiwekwa chini nje, na muzee akishusha pumzi.

"Unaona nini chini ya kishiko?"

"Naona nati."

"Ishike kwa kle, uvute kuelekea kushoto kwako. Polepole."

Nikavuta. Nikavuta tena. "Inakataa, Papa."

"Ipake mafuta ya mawese. Halafu ungoje."

Nikapaka mawese, nikangoja nikiwa nimeegemea ukuta uliolowa. Nje alikohoa, kisha akauliza, "Umekula leo?"

Nilifikiri. Watoto walikuwa wamekula. "Bado."

Mkono wake ukatokea kwenye kidirisha, ukitetemeka, na kipande cha muhogo wa kuchemsha ndani ya jani. Nilikula nimesimama pale chini ya duche, mafuta ya mawese yakiwa mpaka kwenye viwiko.

Mara ya nne nati ilisogea. Nikaifungua, nikachomoa msumari mzima wa robine, kile kijiti cha chuma kinachozungushwa na kishiko. Mwishoni mwake, mahali ngozi ilipotakiwa kuwa, kulikuwa na kitu cheusi kilichomeguka kama mkate wa zamani. Nilimpitishia auone. Alikaa nao muda mrefu, akiuzungusha, kama mtu aliyekutana na jamaa yake.

"Tafuta ngozi. Isiwe nene sana."

Katika nyumba yetu ngozi ilikuwa mahali pamoja tu. Mume wangu alikuwa na viatu jozi mbili, vya kazi alikwenda navyo Kavumu. Vile vingine alivipiga rangi kwa ajili ya Alhamisi. Nilichukua kimoja, nikakata ulimi wake, ule ulio chini ya kamba, kwa wembe. Nilijua nafanya nini, na sikuwa na nguvu ya kuogopa.

Kipande cha kwanza nilikikata kikubwa, hakikuingia. Cha pili kikawa kidogo, kikacheza. Cha tatu nikakipima juu ya kifungo cha koti, nikakichovya kwenye mafuta, nikakifunga na kaskurubu kadogo ka mwishoni mwa msumari, nako kaliponyoka mara tatu na kuanguka kwenye maji yaliyosimama sakafuni. Mara ya tatu niliinama kukatafuta, mgongo ukashikwa, nikashindwa kuinuka. Nikabaki nimepiga magoti. Nililia kidogo pale. Haikuwa huzuni, ulikuwa uchovu tu, machozi yalikuja kama jasho.

Baadaye muzee akasema, "Pumzika, mwanangu. Robine haina miguu, haitakimbia."

Barabarani nilisikia sauti ya jirani wa maharagi: "Bado?"

Muzee ndiye aliyemjibu: "Bado kidogo. Na usiulize tena."

Nilikapata kale kaskurubu. Nikarudisha msumari mahali pake, nikazungushia nyuzi za katani zilizopakwa mafuta kama alivyonieleza, nikakaza nati. Jirani alipofungua maji kule shimoni, nati ilivuja. Nikaikaza robo mzunguko, ikapunguza. Nikaongeza kidogo, ikakauka. Nilifungua duche, maji yakashuka. Nilifunga, yakakoma. Nikafanya hivyo tena na tena.

"Yamekoma?" aliuliza.

"Yamekoma, Papa."

"Alhamdulillahi," alisema, na nikasikia kigoda kinainuliwa.

Jumatano mchana nilipaka nta upya kwenye kolido. Mume wangu aliporudi nilimweleza yote, na habari ya kiatu pia. Alikigeuza mkononi, akaingiza kidole pale palipokuwa na ulimi. Aliniangalia miguu. "Nitakifunga kamba kwa nguvu," alisema, "hawataona."

Alhamisi walikuja watu watatu: bwana wa serikali, padri, na madame mmoja aliyebeba karatasi. Waliketi kwenye meza yetu, wakanywa kahawa niliyowapa, wakamwuliza mume wangu anasoma nini jioni. Madame aliinuka kuangalia vyumba. Nilimfuata na sinia mkononi. Kwenye duche alifungua robine, akaweka mkono chini ya maji, akafunga, akainamisha kichwa kusikiliza. Kisha akaona zile nyuzi za katani kwenye nati.

"Nani alitengeneza?" aliuliza kwa Kiswahili, akimgeukia mume wangu aliyesimama mlangoni.

"Ni miye, madame."

Madame alitabasamu, akaandika. Nilitazama kalamu yake inavyokwenda. Watu hudhani nilikasirika, ninapowasimulia. Nilichofikiri wakati ule ni kwamba waondoke upesi, nivue viatu.

Walipoondoka mume wangu alikuja jikoni, akasimama karibu na mlango na tai yake.

"Ningesema nini?" aliuliza. "Ningesema bibi yangu ana mimba na ndiye alifanya kazi ya bomba, wangeandika nini pale?"

"Ungesema tu kwamba ni miye, mke wako."

Nilikuwa na vikombe vya kuosha, nikaviosha. Yeye alichukua kitambaa akavifuta, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

Kesho yake nilimrudishia muzee kle yake. Aliuliza walisema nini. Nikamwambia walisema mume wangu ni fundi. Alicheka mpaka kikohozi kikamshika, binti yake akatoka kumpiga mgongo. Alipopata pumzi alisema, "Sisi kule chini tulitengeneza mashine, na kapiteni alisifiwa kwa kufika mapema. Lakini mashine yenyewe ilijua." Akaikataa kle. Alisema mikono yake haitaihitaji tena.

Karte ilifika miezi mitatu baadaye, nikiwa nanyonyesha. Mume wangu aliiweka mfuko wa ndani wa koti. Ilimruhusu kupita katika mitaa ya wazungu, Muhumba na kwingine, saa ambazo wengine walirudishwa. Alikwenda mara moja, peke yake, akarudi mapema. Alisema hapakuwa na mtu wa kuongea naye.

Habari ya robine ilikuwa imezunguka mtaa mzima kupitia wanawake wa zile nyumba nne. Robine za Bagira zote zilikuwa za umri mmoja, zikaanza kuharibika pamoja. Siku moja mwanamume wa safu ya juu alibisha hodi, akamkuta mume wangu anasoma gazeti. Alisema amesikia hapa kuna mtu anayejua duche, akamwomba aje.

Nilikuwa chumbani na mtoto kifuani. Nilimsikia mume wangu akikunja gazeti.

"Si miye," alisema. "Ni mama wa watoto. Ungoje, yuko ananyonyesha."

Yule mgeni alisema, "Aa." Kisha nikasikia kiti kinavutwa, na mume wangu akimkaribisha akae. Mtoto alikuwa hajashiba. Nilifumba macho, nikamwacha anyonye taratibu mpaka akamaliza.