Isale Niliyompelekea Meneja

Mimi ni fundi matairi wa timu ya rali hapa Moshi, na ovaroli yenye nembo ya timu naivaa hata sokoni. Usinicheke bado.

Mashindano yaliyopita, tairi la gari letu lilichomoka kule Kahe, tukashindwa. Aliyesahau kukaza nati ni mimi, ila nilinyamaza. Juzi meneja wetu, Mzee Temu, akatangaza kwamba anahamia kwa wapinzani wetu. Moyo ukaniambia, huyu amejua, anakukimbia wewe!

Kwetu Wachaga, ukimpelekea mtu jani la isale, hana budi kukusamehe. Nikachuma moja kwa bibi, Old Moshi, nikapiga magoti mbele ya timu nzima.

"Shikamoo, mzee. Nisamehe zile nati, usituache."

"Marahaba. Nati zipi tena? Mimi nahama kwa sababu wamenipa cheo!"

Gereji nzima ikanigeukia. Dereva wetu, aliyelaumiwa wiki nzima kwamba hajui kuendesha, akanisogelea.

"Kumbe ni wewe, dogo?"

Aibu ilinipanda mpaka masikioni, lakini kichwa sikukiinamisha.

"Ni mimi, kaka."