Aliyemchora Shangazi Mkoba

Mtaani walimwita Wino, kwa sababu vidole vya mkono wake wa kulia havikuwahi kutakata. Alikuwa mchoraji wa katuni, na kazi iliyompa sifa ilikuwa Shangazi Mkoba: mama mnene mwenye mwanya, kilemba kimelalia sikio, na kwapani mkoba uliokuwa dawa ya matapeli. Tapeli akijichanganya tu, mkoba unamshukia kichwani, puu! Watoto waligombania jarida, na wazazi wakawanyang'anya ili wacheke wao.

Shangazi huyo hakuokotwa hewani. Alikuwa dada yake Wino, mkubwa wake, karani wa mapokezi hospitalini, mwanamke ambaye hata daktari akichelewa alimwambia, "Salamu zako tumezipokea, sasa tueleze ulikuwa wapi." Siku alipojiona jaridani mara ya kwanza alinuna. Baadaye akanunua mkoba mkubwa zaidi.

Mhariri mzee, mwenye jarida, aliliweka jina la Wino chini ya kila ukurasa. Mambo yao yalikuwa ya kuaminiana. Karatasi ya mkataba Wino aliisaini huku wakipiga soga, hata hakuisoma. Mzee alipofariki, binti yake aliyekulia shule za bweni akashika usukani. Wakati huo ugonjwa wa kutetemeka ulikuwa umeshamwingia Wino mkononi, hata chai ilimwagika kabla haijafika mdomoni. Akaomba kupumzika. Kazi akapewa msichana mwenye miwani, aliyechora kwenye kompyuta.

Jina likatoweka. Wino akadhani wamepitiwa. Kisha kikatoka kitabu cha hadithi zake za zamani, zilezile alizozichora kwa kalamu ya kuchovya, na jaladani kumeandikwa: "Ubunifu wa kampuni."

"Kampuni?" dada yake alifoka. "Kampuni ina mwanya? Vaa viatu twende."

Mkurugenzi, yule binti wa marehemu, aliwapokea kwa heshima, akawakaribisha maji.

"Mwanangu," Wino alisema, "sikuja kwa ugomvi. Nataka jina tu. Hata liwe dogo, palepale alipokuwa akiliweka marehemu baba yako."

"Mzee wangu, nakuheshimu. Lakini mwanasheria anasema mkataba uliusaini, kila kitu ni cha kampuni. Na wengine nao wanakuja, kila mmoja anasema Shangazi ni wake. Nimwamini nani?"

Hapo ndipo Wino alipoponzwa na fahari yake. Akaomba karatasi. Msichana wa miwani akaitwa, akaja na kalamu. Wino akaushika mkono wa kulia kwa wa kushoto, akaanza na kilemba. Mstari ukayumba kama mlevi. Akajaribu uso, jicho moja likatua shavuni. Aliendelea hivyohivyo, jasho likimtoka, mpaka kalamu ilipotoboa karatasi.

"Mimi nilijifunza kuchora kwa kuziiga kurasa zake," msichana alisema kwa sauti ndogo. Mkurugenzi akamtazama, naye akainamisha kichwa.

Dada mtu hakuweza kuvumilia. Akasimama, akakisukuma kilemba kikalalia sikio, akabana mkoba kwapani, akakenua meno yote. "Haya, mimi ni nani?"

Mkurugenzi akaangua kicheko, tena cha furaha, bila kejeli. "Mama, naomba tukupige picha! Wasomaji watapenda kumwona shabiki anayefanana na Shangazi hivi!"

Dada akaketi. Katika maisha yake yote Wino hakuwahi kumwona akikosa la kusema.

Walijaribu kwa wakili. Akausoma mkataba, akavua miwani, akasema makubaliano ya mdomo na marehemu hayana shahidi. Wakarudi nyumbani kila mmoja akijifanya anamfariji mwenzake.

Jumamosi moja msichana wa miwani alibisha hodi kwa Wino, machungwa mkononi.

"Nisamehe, babu. Ningesema zaidi ningefukuzwa."

"Najua, mjukuu wangu. Kaa."

"Hata jina langu hawaliweki. Nimeuliza, wakaniambia Shangazi hana mchoraji."

Wino alitaka kumwambia apigane, lakini apigane na nani, na kwa silaha gani? Mwishowe akamwuliza kama amekuja na vifaa vyake. Msichana akafungua mkoba wake, wakasogeza vikombe.

"Mabega unayachora kama ya askari," Wino alimwambia. "Shangazi akikasirika mabega hushuka. Pua ndiyo inayopanda."

Msichana akafuta, akachora upya. Safari hii Shangazi alitoka kama alivyo, hai kabisa. Wino akanyoosha kidole kuonyesha kosa dogo kwenye kidevu, kidole kikatetemeka juu ya mchoro kisiweze kutua. Msichana akasubiri. Wino alipochoka, akakirudisha mapajani.

"Acha tu," akasema. "Wapelekee hivyohivyo."