Majoho Ishirini na Mawili Ndani ya Tanuri la Kuni

Kuna aibu ukiisimulia inapungua, lakini hii yangu kila nikiianza nasikia masikio yanawaka moto, kwa hiyo mkiniona nimeinamisha uso katikati ya maneno msiniulize kitu, endeleeni na chai yenu, nitaendelea. Nilijiaibisha mbele ya bosi wangu, mbele ya watu wa serikali, mbele ya kwaya nzima, na mwisho mbele ya kanisa lililojaa Wazungu ambao hata jina langu hawakulijua, na yote hayo kati ya Ijumaa na Jumapili, na yote yalianza kwa sababu sikutaka kupanga foleni ya kukausha nguo.

Ilikuwa miaka ile ya elfu mbili na kumi na kitu. Nilikuwa Amerika, nakaa mji wa Hopkins, kwenye zile fleti za zamani, na kazi yangu ilikuwa Anoka, ambako barabara ikiwa na theluji una-drive karibu saa nzima. Wakenya wenzangu karibu wote walikuwa wauguzi au walikuwa wanasomea uuguzi, mimi nilitunza wazee mwaka mmoja mgongo ukakataa, nikaenda kutafuta riziki kwenye kuni. (Mama yangu kule Taita nilipomwambia kwa simu kwamba niko Amerika nafanya kazi ya kuni, aliuliza, "Na huko pia mnazibeba kichwani?")

Hapana, hatukuzibeba kichwani. Mwenye kiwanda alikuwa mzee mmoja mrefu, wa maneno machache, anaitwa Dale, ananunua magogo, tunayapasua, halafu kuni zinaingia kwenye tanuri, yaani chumba kikubwa cha chuma chenye feni ndani, zinakaushwa kwa joto siku kadhaa. Kuni mbichi zina moshi, tena zinabeba wadudu wanaomaliza miti ya watu, kwa hiyo lazima zipate joto la kutosha kabla ya kusafirishwa. Joto lenyewe lilitoka kwenye boila, lile tangi la kuchemshia maji, na boila lilikula maganda na vibanzi vya mbao, mabaki yetu wenyewe, hatukuchoma gesi, na ndiyo maana jimbo lilikuwa linampa Dale ruzuku. Kwenye bomba kulikuwa na mita inayopima joto, watu wa ofisi ya ruzuku wanaisoma, wanamlipa. Sharti lilikuwa moja tu: joto lile likaushe kuni. Dale aliwahi kuniambia kwamba bila ruzuku ile boila lingezimwa na sisi wafanyakazi wake wanne tungebaki nyumbani. Na mtunza boila alikuwa nani? Mimi, Wakio.

Sasa kwaya. Tulikuwa Wakongo wengi na Wakenya wachache, na kiongozi wetu alikuwa Mama Furaha, mwanamke mfupi kutoka Uvira ambaye akikutazama ukiwa umekosea noti moja unatamani kurudi tumboni kwa mama yako. Kanisa moja kubwa la Plymouth lilikuwa limetualika tuimbe Jumapili, mara yetu ya kwanza kualikwa mahali kama pale, na Mama Furaha alikuwa ametushonea majoho mapya, meupe pe, ishirini na mawili, aliyashona mwenyewe baada ya kazi majira yote ya baridi, vidole vikamvimba. Mimi nikanyoosha mkono nikasema nitayafua. Hakuna aliyenituma! Nilitaka tu Mama Furaha aniangalie vizuri kwa mara moja.

Alhamisi jioni nikayafua kwenye mashine za chini ya fleti yetu, yakatoka yananukia vizuri, nikageukia mashine za kukaushia, moja imebandikwa karatasi ya kwamba imeharibika, na nyingine ina foleni ya vikapu vya nguo mpaka kwenye ngazi. Kutundika nje haikuwezekana, kwa baridi ile nguo inakuwa ubao. Nikasimama pale na mifuko yangu ya majoho mabichi, nikajiambia, Wakio, hivi wewe mwenye chumba cha chuma chenye joto na feni kubwa kama milango, unapanga foleni ya nini?

Basi Ijumaa asubuhi nikafika kazini mapema, nikakuta tanuri limejazwa kuni za mti wa mwaloni zilizopasuliwa jana yake, nikafunga waya wa chuma kutoka ndoano hadi ndoano juu ya kuni, nikayatundika majoho yote, nikafunga mlango, nikawasha feni. Nilipanga kuyatoa saa sita. Na hapa ndipo najicheka mwenyewe, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nawafundisha wafanyakazi wapya kwamba siku ya kwanza tanuri halikaushi kitu, linatokwa jasho tu, kuni mbichi zinatoa maji yote yale na chumba kinakuwa kama sufuria ya wali iliyofunikwa. Nilikuwa naijua hiyo kama jina langu. Lakini asubuhi ile akili yangu ilikuwa imeona nguo na joto, basi, ikaridhika.

Saa nne, gari jeupe likaingia uwanjani. Watu wa ile ofisi ya ruzuku, kutoka makao makuu ya jimbo, Saint Paul, mama mmoja mwenye jalada na kijana wa kupiga picha, walikuwa waje Jumatatu, lakini redio ilikuwa imetangaza theluji kubwa ya Jumatatu wakaona waje mapema. Dale alikuwa amenipigia kuniarifu. (Simu ilikuwa kwenye koti, koti kwenye gari.) Akaja nao moja kwa moja, amefurahi kwa namna yake, yaani shavu moja limepanda kidogo, akasema, "Huyu ndiye Wakio, analijua boila hili kuliko mimi, yeye ndiye atawaeleza."

Nikaeleza. Niliwaeleza boila mpaka likaisha, nikawaonyesha rundo la vibanzi, nikawaonyesha ule mkanda unaovipeleka motoni, nikawaonyesha mita, nikawaonyesha tena mita, nikaeleza habari za majivu kwa urefu ambao nadhani hakuna binadamu aliyewahi kuyaelezea majivu. Mwishowe yule mama akafunga jalada akasema, "Vizuri sana. Sasa tuone kuni."

"Ndani kuna joto," nikamwambia.

"Natumaini hivyo," akasema, akacheka.

"Ukifungua joto linapotea."

Dale akanitazama. Kila siku tulikuwa tunaufungua mlango ule kupima unyevu wa kuni, hata mara tatu. Akasema taratibu, "Wakio, ni dakika moja tu."

Na hapo ningeweza kusema. Jamani, ningeweza kumvuta Dale pembeni nikamwambia kwa sauti ya chini, bosi, kuna nguo zangu mle ndani, nisamehe, angewapeleka ofisini wakanywa kahawa nami nikazitoa, na leo nisingekuwa na kisa. Badala yake mdomo wangu ukafunguka ukasema, "Feni ina hitilafu. Si salama."

Uso wa Dale ukabadilika. Feni ikigoma tanuri likiwa limejaa, kuni zinaoza na moto unaweza kuzuka, na huyu ni mtu ambaye kiwanda kile ndicho nyumba yake na shamba lake. Hakuniuliza swali la pili. Akakimbia (sijawahi kumwona Dale akikimbia kabla wala baada), akazima umeme wa feni, akashika kitasa kwa mikono miwili, akavuta.

Mvuke ukatoka kama wingu, ukatufunika sote, na kwa muda hatukuona kitu. Kisha ukaanza kupungua, na mle ndani, juu ya kuni, wakaonekana watu ishirini na wawili weupe, hawana vichwa, wameinamisha mabega, wanayumba polepole kwa ule upepo wa mwisho wa feni.

Kijana wa picha alipiga kelele moja nyembamba. Yule mama alikumbatia jalada lake. Na Dale, maskini Dale, alivua kofia.

Tone la maji likadondoka. Halafu Dale, bado ameshika kofia kifuani, akaniuliza kwa sauti ya msibani, "Wakio, hawa ni kina nani?"

Nikamjibu, "Ni kwaya."

Ilibidi nieleze tena, na safari hii nilieleza kwa ufupi. Yule mama hakuwa mkali, na hilo ndilo liliniumiza zaidi. Aliniuliza kama huwa tunakausha nguo za watu kwa biashara, nikasema hapana, akaniuliza kama feni kweli ina hitilafu, nikasema hapana, akaandika. Akamwambia Dale kwamba ofisi itahitaji barua ya maelezo, na mpaka ifike, ruzuku yake itasimama. Aliposema hivyo Dale aliitikia kwa kichwa tu. Wakaondoka. Dale akaenda ofisini kwake, akafunga mlango, na hakunisemesha mpaka jioni, ila nilipokuwa napakia majoho garini alitoka akauliza, "Mnaimba wapi?" Nikamwambia. Akarudi ndani. Nikajua hiyo ndiyo siku yangu ya mwisho pale.

Na majoho yenyewe? Yalikuwa mabichi kuliko nilivyoyaweka. Paa lilikuwa limeyadondoshea maji ya mwaloni, rangi ya chai ya rangi, matone kifuani, matone mikononi, na pale yalipogusa waya wa chuma kila joho lilikuwa na mstari mweusi tii kutoka bega hadi bega (mwaloni mbichi ukikutana na chuma unatoa wino, hilo nalo nilikuwa nalijua). Yananuka siki. Nilipofika nyumbani nikajaribu dawa ya kung'arisha kwenye joho moja, likageuka rangi ya manjano kama meno ya mvuta tumbaku, nikaacha. Jumamosi asubuhi nikampigia Mama Furaha.

Alikuja Hopkins, nikamtandazia majoho kitandani. Aliyashika moja moja, yote, hakuna aliloliruka, anapitisha kidole kwenye mshono aliouweka mwenyewe. Mimi nimesimama mlangoni kama mwanafunzi.

"Wakio," akasema mwishowe. "Uliyatia mu moto?"

"Si kwenye moto, Mama Furaha. Kwenye joto la kuni."

"Vraiment, kweli." Akakaa kitandani. Nilifikiri atanipigia kelele, lakini alisugua vidole vyake tu, vile vilivyovimba, na machozi yakamlengalenga machoni. Heri angenipigia kelele. Kisha akasimama. "Bon, basi. Tutavaa hivi hivi, ingine hatuna. Lakini mimi sitaeleza bale bazungu. Ni weye utaeleza, mbele ya wote, bado hatujaimba."

Jumapili nikasimama mbele ya kanisa lile la Plymouth, taa zote, viti vimejaa hadi nyuma, na kwaya nyuma yangu, ishirini na mmoja wenye mistari meusi mabegani kama maaskari waliopandishwa vyeo na fundi mlevi, na mimi ndiye mwenye lile la manjano. Nilikuwa nimepanga kusema ilitokea ajali wakati wa kufua. Ni maneno mafupi, na si uongo mkubwa. Nikashika kipaza sauti, nikainua macho, na kwenye kiti cha mwisho kabisa, karibu na mlango, nikamwona Dale, amevaa koti safi na viatu vya kazini, mkewe kando yake, kofia magotini.

Ile habari ya ajali nikaiacha. Nikasema yote. Foleni, tanuri, waya, wageni wa serikali, na uongo wa feni, nikautaja kwa jina lake, uongo, nikasema kwamba mwenye majoho ameshona majira mazima ya baridi na mwenye tanuri amenisikia nikidanganya mbele ya wageni wake, nikawaomba radhi wote wawili. Nilipofika kwenye lile jibu la "ni kwaya" kanisa zima likacheka, kicheko cha kushika mbavu, na mimi nimesimama katikati yake nimevaa manjano, nasubiri kiishe. Hakikuisha haraka. Kisha Mama Furaha akapiga kofi moja, akatoa sauti, tukaimba, na nikwambieni ukweli, tuliimba vizuri, ingawa joto la kanisa lilipoyapata yale majoho safu tatu za mbele zilianza kunusanusa hewa.

Baada ya ibada Dale akanijia. Nilikuwa nimejiandaa. Akasema, "Kesho saa kumi na mbili. Njoo na kalamu, tuandike ile barua."

"Bado nina kazi?"

"Boila halijiwashi," akasema, akavaa kofia, akaenda kutafuta gari lake.

Jumatatu tukaandika barua katikati ya theluji ile, ukurasa mmoja, mimi nikisema na yeye akifuta maneno ya kujitetea kila nilipoyaingiza. Ruzuku ilirudi baada ya wiki kadhaa, na katika wiki hizo Dale alituweka kazini sote wanne bila kulalamika, jambo ambalo bado linanikosesha raha kulikumbuka. Mama Furaha ilimchukua muda mrefu zaidi. Alinisalimia, hakuacha kunisalimia, lakini hakunipa kitu cha kushika, hata kitabu cha nyimbo, mpaka Pasaka ilipopita.

Tangu hapo nimekosea mara nyingi, mimi si malaika. Lakini niliapa, na mpaka leo sijavunja kiapo, kwamba nikikosea nasema papo hapo, wakati aibu bado ni ya watu wawili, kwa sababu nimeshaiona inavyokuwa ikifika kanisa zima.