Swichi ya Siri ya Pikapu ya Roret

Kosa langu kubwa katika ufundi wa umeme wa magari nililifanya mwaka wa kwanza: nilificha swichi vizuri kupita kiasi.

Siku niliyoanza kazi, katika gereji moja mjini Kericho mwanzoni mwa miaka ya tisini, fomeni aliniuliza nimesomea wapi. Nikasema nimejifundisha kwa kufungua redio. "Basi hapa usifungue kitu kabla hujaniuliza," akasema. Niliogopa sana kukosea. Nilikaza skrubu moja mara tatu, kisha wenzangu wakienda kula nikarudi kuiangalia tena.

Wezi wa magari walisumbua, na ving'ora vya dukani vilikuwa vya matajiri, kwa hiyo tulijitengenezea kinga. Wengine walifunga mnyororo kutoka usukani hadi pedali ya klachi na kutia kufuli. Wengine walichomoa rota, kile kipande kidogo kinachozunguka na kugawa moto kwenye plagi, wakaingia nacho kanisani mfukoni. Mimi nilipenda swichi ya siri. Unakata waya unaopeleka umeme kwenye koili, inayozalisha moto wa plagi, unaupitisha kwenye swichi iliyofichwa. Mwizi atazungusha ufunguo, injini itazunguka, lakini haitashika.

Ya pikapu ya Mzee Bett, mkulima wa chai wa Roret, niliisukumia nyuma ya sanduku la hita na kuifunika kwa kitambaa. Nikamwambia, "Usimwonyeshe mtu. Hata Mama." Akashika neno langu.

Baada ya wiki tatu Mzee aliiacha pikapu nyumbani, akapanda lori kwenda Londiani kutafuta mbegu ya viazi. Asubuhi hiyo simu ya gereji ililia, fomeni akaniita. Alikuwa Mama, mke wa Mzee Bett. Chepngetich, mke wa mwana wao, alikuwa ameshikwa na uchungu kabla ya wakati, na damu inatoka. Mwalimu jirani, aliyezoea kuendesha ile pikapu, alikuwa ameshindwa kuiwasha. Walikuwa wameisukuma kwenye mteremko hadi sokoni, Chepngetich akiwa amelala nyuma juu ya magunia, na sasa ilikuwa imesimama mbele ya duka lenye simu.

"Fundi, hiyo swichi yako iko wapi?"

"Chini ya dashibodi, Mama, upande wa kushoto. Nyuma ya hita."

"Mwalimu! Nyuma ya hita!" Kisha akarudi kwenye simu: "Anasema hakuna kitu."

"Kuna kitambaa. Akipasue."

"Pasua, Mwalimu! ... Anasema mkono wake haufiki."

Fomeni alikuwa amesimama karibu nami. "Wewe, uliificha hata wenye gari wasiipate?"

"Mama," nikasema, "vidole vyako vinachuma chai. Weka simu chini, nenda wewe."

Akaiweka juu ya kaunta. Nilisikia kuku, nikasikia mtu akiomba kwa Kikipsigis, na Chepngetich akilia. Injini ikazunguka bure. Ikazunguka tena. Halafu ikashika, na mlio ukaenda ukipungua. Hakuna aliyekumbuka kurudisha simu.

"Unajua ile pikapu ndiyo ambulensi ya majirani wote?" fomeni akaniuliza polepole. "Mgonjwa ni hiyo, maiti ni hiyo, bibi harusi ni hiyo. Na wewe umeifungia mtu mmoja." Nililia mbele yake, na hakunicheka.

Jumamosi iliyofuata nilienda Roret kuomba msamaha, nikiwa nimepanga maneno yote njiani. Yalinipotea mlangoni. Chepngetich alikuwa ameketi na binti mchanga, mdogo sana lakini mzima. Mama akanimiminia mursik, maziwa ya kibuyu, na kunishika bega.

"Kunywa kwanza. Sasa utanionyesha hiyo kitu vizuri."

"Na mimi pia, fundi," akasema Chepngetich. "Nitazaa tena."

Baadaye niliajiriwa katika kiwanda cha chai, chini ya meneja wa usafiri aliyekagua malori akiwa amevaa tai, kisha nikafungua kibanda changu Kiptere hadi macho yaliponikataa. Magari ya siku hizi hujifunga yenyewe kwa kompyuta, na mengi yake siyajui. Lakini tangu wiki ile hadi nilipostaafu, sikuhesabu swichi yoyote kuwa imekwisha kabla watu wawili wa nyumba ya mwenye gari hawajaipapasa na kuwasha gari wenyewe, na mmoja wao lazima awe yule anayebaki nyumbani.