Tulihesabu Watu Wiki ya Mbalamwezi

Siku ninazozikumbuka, mwanangu, zilikuwa saba, na katika zote saba ziwa lilikuwa limetulia na mitumbwi imelala mchangani. Nimesikia umepata kazi ya kuhesabu watu barabarani, na kwamba tayari wamekupa jaketi la kung'aa na penseli mbili. Hongera. Kabla hujalivaa hilo jaketi, kaa hapa karibu yangu nikwambie jinsi mimi nilivyoifanya kazi hiyo hiyo nikaiharibu, tena kwa mwandiko mzuri.

Nilikuwa binti wa miaka ishirini na miwili, nimetoka shule na Kifaransa changu, najiona. Siku hizo Bujumbura ilikuwa imekua hadi soko lake likawa linakula kutoka kwetu: ndagala, yaani dagaa wetu, wa Rumonge, mawese, mihogo, vyote vilipanda barabara ya lami kwenda mjini. Basi ikaundwa ofisi moja ya kupanga usafiri wa jiji pamoja na tarafa za mwambao. Mkubwa wake alikuwa mhandisi mpole mwenye nywele za mvi, nasi tulimwita Shefu tu.

Shefu alitukusanya akatueleza kazi bila kujikweza. Alisema ofisi yake haiwezi kujenga kila kinachoombwa, kwa hiyo inaanza kwa kuhesabu nani anapita wapi. Hesabu inageuzwa ramani, ramani inageuzwa orodha ya kazi, na wafadhili wanalipia orodha hiyo kuanzia juu kwenda chini mpaka fedha ziishe. Kilichokosekana kwenye orodha kinangoja mpango mwingine, nao huja baada ya miaka mingi. Akatutazama mmoja mmoja na kutuambia kwamba yeye hataiona barabara yetu, ataona karatasi zetu.

Mimi nilipangiwa kukaa kati ya Gatete na mji wa Rumonge, karibu na mwalo ambapo mitumbwi ya ndagala hushusha samaki alfajiri. Nilipewa meza, mwavuli, na karatasi yenye safu nne: gari, pikipiki, baiskeli, mtu kwa miguu. Kila anayepita, mstari mmoja.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo penye kosa. Wewe umekulia mjini, pengine hujui kwamba ndagala huvuliwa kwa taa. Wavuvi hutoka na taa zao gizani, samaki wakafuata mwanga, wavu ukapandishwa. Mwezi ukiwa mpevu ziwa lote linang'aa, taa haina kazi, na wavuvi hukaa nyumbani karibu wiki nzima wakishona nyavu. Wiki hiyo mwaloni hakuna samaki, na kama hakuna samaki, wale akina mama wanaojitwisha mabeseni kwenda sokoni Rumonge hawaonekani barabarani. Wanapalilia mihogo yao mlimani.

Na ofisi, bila kujua, ilichagua wiki hiyo.

Mimi nilijua tangu asubuhi ya kwanza. Mtoto yeyote wa mwambao angejua. Lakini mwanangu, zilikuwa asubuhi tamu mno! Nilikaa chini ya mwavuli wangu kabla jua halijapanda vilima vya nyuma yetu. Kwanza iliangaza milima ya Kongo ng'ambo, ukungu ukiwa bado umelala juu ya maji, na milima ile ikaonekana inaelea, haina miguu. Baiskeli moja ilipita na madumu ya mawese, ikiteremka bila mlio. Nikaweka mstari. Kisha kimya tena, harufu ya maji, mwezi wa jana ukiwa bado haujazama, mweupe mchana kweupe. Kuna saa niliona kama barabara ile imejengwa kwa ajili yangu tu, na nilifurahi, sitakudanganya.

Tena kulikuwa na maneno kwamba wahesabuji wenye karatasi safi wataitwa kufanya kazi ofisini Bujumbura. Karatasi zangu zilikuwa safi sana. Safu ya waendao kwa miguu ilikuwa karibu nyeupe.

Siku ya saba tukakunja meza. Siku chache baadaye giza lilirudi, mitumbwi ikatoka, na alfajiri iliyofuata barabara ilijaa. Nilikuwa nimesimama pale pale nikisubiri gari la ofisi la kupeleka karatasi, nikawaona wanakuja mmoja nyuma ya mwingine pembezoni mwa lami, mabeseni kichwani, malori yakiwapita kwa upana wa kiganja. Katikati yao alikuwa Shangazi Veneranda, dada wa baba yangu, aliyenilea baada ya mama kufariki. Ada yangu ya shule ilitoka kwenye beseni lile. Alikuwa amevaa kitenge chake cha kanisani.

"Amahoro, mama," akanisalimu, maana mimi aliniita mama. "Iko wapi ile meza?"

"Meza gani, Shangazi?"

"Ya kuhesabu watu. Walisema kanisani munahesabu, juu batujengee pahali basi itasimama. Nimevaa muzuri. Nihesabu."

Kilio chake cha siku zote kilikuwa hicho. Mabasi hayakusimama pale, maana hapakuwa na kituo, na madereva hawakutaka harufu ya samaki. Kwa hiyo alitembea saa moja na nusu kila asubuhi pembeni ya malori, na kila alipotoka nyumbani aliaga kama mtu anayesafiri mbali.

"Tumeshamaliza, Shangazi," nikasema.

Akalitazama beseni la mwenzake, akanitazama mimi. "Mulihesabu wakati hakuna samaki?"

Nilimwambia asijali, nitamwandika. Akashukuru, murakoze, akajitwisha vizuri, akaenda. Sikumwandika.

Wiki chache baadaye tuliitwa Bujumbura kuiona ramani. Ilijaa ukuta mzima, ziwa la buluu upande mmoja, na barabara imechorwa kwa mistari: palipo na watu wengi mstari mnene, palipo na wachache mwembamba. Ilikuwa nzuri kama kitu cha ndotoni, mwanangu, nchi yako yote imelala mbele yako haina vumbi. Penye mwalo wetu palikuwa na uzi tu. Shefu akauwekea kidole.

"Binti wa Gatete," akasema, "huu mstari ni wa kweli?"

Aliniuliza kwa upole, na alikuwa tayari kungoja. Ningesema maneno matano tu, kwamba wiki ile ilikuwa ya mbalamwezi, na angerudisha meza. Niliogopa kuonekana mshamba mbele ya watu wa mjini, nikaogopa kuikosa kazi.

"Ndiyo, Shefu," nikasema.

Kazi nikaipata. Orodha ikapitishwa, wafadhili wakaweka sahihi, na kituo chetu kikajengwa kwingine, mahali penye mstari mnene. Huko nako walikuwa na haki yao, siwaonei wivu. Mimi nikakaa mjini kwenye kiti cha kuzunguka, nikajifunza kunywa chai bila kupuliza.

Mwaka wa tatu nikapigiwa simu. Lori lilikuwa limemsukuma Shangazi mtaroni alfajiri, nyonga imevunjika. Nilipofika nilimkuta kitandani, kitenge kile cha kanisani kimekunjwa chini ya kichwa chake. Hakulia. Aliniuliza jambo moja.

"Siku ile uliniandika?"

Nikamwambia kweli yote, wiki ya mwezi, ramani, kidole cha Shefu. Nilitaka anitukane. 

"Lori siwezi kulikasirikia," akasema. "Lori halinijui. Weye unanijua."

Hayo tu. Nimekaripiwa na wakubwa wengi maishani, na hakuna neno lililonikaa hivyo. Hata leo nikiona mwezi mpevu juu ya ziwa, na watu wote wanasema ni mzuri, mimi naona aibu.

Nilirudi nikamweleza Shefu. Hakunifukuza, ingawa alivua miwani akaisugua mpaka nikadhani ataivunja. Alisema orodha imefungwa na kila faranga imeshapangiwa kazi yake, kwa hiyo tutangoja. Kisha akaandika kwa mkono wake, juu kabisa ya maelekezo ya wahesabuji wa baadaye, kwamba wawaulize kwanza wavuvi watatoka lini.

Tulingoja miaka mitano. Meza iliporudi ilirudi wiki ya giza, na nyuma yake alikaa kijana mpya, na mimi nilikuwa msimamizi wake. Akina mama walipita, penseli yake ikachoka. Kisha nikaona baiskeli ya abiria inakuja polepole, na juu yake Shangazi Veneranda, kitenge kile kile, na beseni tupu mapajani.

Kijana akainua penseli kwenye safu ya baiskeli.

"Hapana," Shangazi akamwambia. "Mimi niandike kwa miguu."

"Mama, ninaandika ninachoona."

"Ni vizuri. Basi ngoja uone."

Akamwambia mwenye baiskeli asimame, akashuka, akashika bega langu na kuweka beseni kichwani. Tulipita mbele ya ile meza hatua kumi na mbili, na kila hatua nilisikia maumivu yake yakinigandamiza begani.  Kijana akachora mistari miwili safu ya miguu, wake na wangu.

Kituo kilijengwa, mwanangu. Shangazi alikikalia mara moja tu, akalalamika kwamba benchi ni fupi, na mwaka huo huo tukamzika.

Kwa hiyo nakuambia. Hao wanaopanga na kulipa si watu wabaya, wako mbali tu, na watajenga kile ambacho karatasi yako imewaonyesha. Usiwape karatasi safi, wape karatasi ya kweli. Barabara ikiwa tupu, inuka mezani ukaulize kwa nini, nenda mwaloni, nenda shambani, gonga milango. Na mkubwa akikuuliza kama mstari ni wa kweli, mkumbuke kwanza yule aliyekulisha, ndipo ufungue mdomo.

Nenda salama. Mungu akupe macho ya kuwaona wasiopita siku hiyo, na ulimi usioona haya mbele ya ramani. Na siku yako ya kutembea kwa kushika bega la mtu, awepo atakayekuhesabu.