Kofi la Sikio na Kikao cha Soda

Wadogo zangu wa mwaka wa kwanza, karibuni Mwanza. Mwenye swali akae upande wangu wa kulia, sikio la kushoto bado linanisumbua. Ila asiniulize nilimfanya nini mwanaume hadi akanipiga. Swali hilo limenichosha kabisa.

Nilifika chuo nikiwa mzima, mwimbaji wa kwaya, mcheshi. Faustine alikuwa mwaka wa tatu, na sote tumetoka Kagera. Alinisaidia kupata chumba Mkuyuni, nikampenda. Kisha akataka namba ya siri ya simu yangu. Akaanza kunichagulia marafiki. Akanisimulia kwamba kwao baba akiongea mama hunyamaza, asiponyamaza anachapwa. Alisimulia huku anacheka, na mimi nikacheka.

Mchana mmoja nilichelewa kurudi kutoka mazoezi ya kwaya. Alinizaba kofi la sikio. Nilisikia mlio kama filimbi, chumba kikazunguka, nikatapika. Kwenye mto kulibaki tone la damu.

Wasichana wa vyumba vya jirani niliwaambia nimeingiwa na maji ya ziwa sikioni. Mmoja akanidondoshea mafuta ya kupikia ya uvuguvugu. Basi usaha ukaanza kutoka, unanuka, mpaka nikawa naingia darasani nimejifunga kitambaa. Nilipowaambia ukweli, yule wa Musoma akasema, "Aa, hayo mambo ya kwenu Bukoba!" Yeye mwenyewe dada yake alivunjwa mkono na mchumba. Wa Magu akaguna, ilhali binamu yake alishang'olewa jino kwa kipigo. Jamani! Kila mmoja alidhani kipigo ni mila ya wenzake.

Umoja wa wanafunzi wa nyumbani Kagera ukaitisha kikao cha kutupatanisha. Mle wapenzi huitwa baba na mama, utadhani wana wajukuu. Mwenyekiti, mwanafunzi kama mimi, akatugawia soda, akasema, "Mama, piga magoti, mwombe baba radhi. Mambo ya ndani yaishie ndani."

Baba gani? Kijana ambaye hata shuka anafuliwa na dada yake! Lakini nilipiga magoti, usaha unanichuruzika shingoni. Wakapiga makofi, wakapiga na picha. Wiki ileile Faustine alinikaba koo hadi macho yakaingia giza.

Alipotoka nilikimbilia kwa mama mdogo, Buswelu. Aliitazama shingo yangu, hata shikamoo yangu hakuiitikia. Tukaenda dawati la jinsia polisi, kisha hospitali. Daktari, mama wa makamo, alimulika sikio.

"Ngoma ya sikio imetoboka. Nani ameweka mafuta humu?"

Nikamsimulia yote, kuanzia lile kofi.

"Haya. Leo unalala wapi?"

Nililia kwa sauti. Watu wote wale, na kikao kizima, hakuna aliyewahi kuniuliza hilo.

Nilimeza dawa, nikasafishwa sikio tena na tena, nikakatazwa kuingiza maji na kupenga kamasi kwa nguvu. Usaha ulikauka. Ngoma ikaziba polepole, ingawa sauti nyembamba bado zinanipotea. Namshukuru Mungu, namshukuru daktari, na mama mdogo zaidi, maana alimfukuza mwenyekiti getini alipokuja kuomba kikao cha pili.

Wadogo zangu, mtu akianza kukuchunga simu na kukutenga na wenzako, ondoka mapema. Usisubiri kujua ni wa kabila gani. Na ukipigwa, nenda hospitali, achana na mafuta ya jikoni.

Faustine alipata msichana mwingine. Nilimfuata yule msichana, nikampa namba ya mama mdogo. Akanibetulia mdomo: "Wewe hukujua kuishi naye." Niliondoka nimefura kwa hasira.

Jumapili iliyopita akapiga simu, analia. Mama mdogo alimuuliza yuko wapi tu, tukaenda kumchukua. Kitanda changu kwa mama mdogo amechukua yeye, mimi nalala chini kwenye godoro. Leo asubuhi nimemsikia anakoroma, tena kwa raha zake, kama mtu asiyeogopa kitu.